Tushushe Pumzi, Bariadi

Mwezi wa Sita, ukisafiri asubuhi kutoka Lamadi kuja Bariadi, watu wa mashambani utaiona migongo yao kabla hujaziona nyuso. Pamba imefunguka, weupe mpaka macho yanapoishia, na kila mchumaji ameinama, kitenge kimefungwa kiunoni kikawa mfuko. Tumba la pamba halimfuati mtu. Yeye ndiye anayelifuata, nalo liko kati ya goti na kiuno, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama wima wala kukaa. Basi mgongo unabaki hapo katikati, tangu umande ukauke hadi jua la saa tisa, siku baada ya siku, mpaka shamba liishe. Bado kuchambua, kutenga safi na fifi. Bado furushi la kichwani hadi AMCOS, chama chetu cha ushirika. Na palizi sijaigusa, maana nayo ni jembe la mkono na kuinama kulekule.

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Sifa hiyo tunaisikia redioni kila msimu, na ni haki yetu kuifurahia. Lakini mwamkie mama yeyote aliyetoka kumaliza msimu, muulize hali. Atakujibu: "Mzima, mwanangu. Mgongo tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikalisha niandike. Mama yangu ameisema miaka thelathini. Shangazi zangu wa Itilima wanaisema. Vijana wa bodaboda pale stendi wameanza kuisema nao hawajafika miaka ishirini na mitano. Mtu anakwambia mgongo tu, kichwa tu, usingizi tu umenipotea, halafu anainuka kwa kushika goti na kwenda zake. Akipita duka la dawa ananunua vidonge vya diklofenaki, vichache vya kumvusha wiki. Wiki ikiisha ananunua vingine. Dawa hizo zina kazi yake, sizibezi. Ila zikimezwa mwezi hadi mwezi bila daktari kujua, huweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, na mgongo unabaki palepale ulipokuwa.

Nataka tuzungumze juu ya njia nyingine, ya kuongeza juu ya hospitali na si ya kuiacha. Wataalamu wanaiita yoga tiba. Naomba usiniache kwenye jina. Najua kwetu likitajwa, wengi wanaona picha ya mtu mwembamba ufukweni Zanzibar, mguu umefika nyuma ya shingo. Sizungumzii hayo. Nazungumzia mtu aliyelala chali kwenye mkeka, miguu juu ya kigoda, mkono mmoja tumboni, anajifunza upya kutoa pumzi.

Nilikuwa mtu huyo. Mwaka tuliomzika baba, mgongo wangu ulikaza kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Nilikuwa sijashika jembe muda mrefu, kazi yangu ni ya kalamu, kwa hiyo sikuelewa maumivu yametoka wapi. Picha za eksirei zilionyesha mifupa mizima. Nikaelekezwa kwa dada mmoja wa mazoezi tiba, Mwanza. Hakunivuta wala kunikanda. Alinilaza, akaweka kiganja chini ya mbavu zangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, wewe unavuta tu. Hutoi." Akanifundisha kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, polepole, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Siku ya tatu nikiwa pale chini machozi yalinitoka, mengi, bila mimi kuwa nafikiria jambo lolote. Alinipa kitambaa, hakuuliza. Mgongo haukupona siku ile. Lakini niliinuka bila kushika goti, na nilikuwa nimelia kwa ajili ya baba yangu kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Miezi ilipita kabla sijajua kwamba nilichofundishwa ndicho watu wengine wanachokiita yoga.

Kiswahili chetu kimelijua jambo hili siku zote. Aliyefiwa tunasema moyo wake mzito. Mwenye hofu anakaa roho juu. Mwenye jambo asiloweza kulisema, kifua kimembana. Hatusemi mawazo yake yana tatizo, tunataja kiungo, tunaonyesha na mahali. Na siku mambo yakinyooka tunasema ameshusha pumzi. Hata kupumzika, kitendo ambacho mama zetu hawakipati, ni neno lililozaliwa na pumzi. Wahenga waliotuachia maneno haya hawakuutenga mwili na roho. Sisi ndio tuliovitenga, tukampeleka mgonjwa wa mgongo dirisha hili na mwenye huzuni tukamwambia avumilie.

Sayansi nayo imewafikia wahenga. Mtu akimwona simba akaingiwa na hofu, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mabega yanapanda, misuli ya kiuno na shingo inakaza tayari kwa kupigana au kukimbia. Simba akishaondoka, vyote vinatakiwa kurudi chini. Shida inakuja pale ambapo simba haondoki: deni la pembejeo, mvua iliyokatika mwezi wa Pili, tembo wanaotoka hifadhini usiku, kukipambazuka wameshakula shamba la Meatu, mume anayepiga. Hapo mwili unabaki kwenye zamu mwaka mzima. Misuli iliyokaza mwaka mzima inauma, na maumivu nayo yanauambia ubongo kwamba hatari bado ipo. Ni mzunguko.

Mlango wa kuuingilia mzunguko huo ni pumzi, na sababu yake ni nzuri sana. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo. Huwezi kuliamuru tumbo lilegee. Pumzi peke yake inajiendesha yenyewe ukiwa umelala, na hapohapo inakutii ukiwa macho. Ukiirefusha pumzi ya kutoka, neva kubwa inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo kwenda moyoni, mapafuni na tumboni, iitwayo vagasi, inaupunguza mwendo wa moyo. Mwili unapokea habari kwamba zamu imekwisha. Ndipo mijongeo inapoongezwa, midogo na ya taratibu, ili mgongo ukumbuke kwamba unaweza kupinda na kunyooka pasipo kuumia. Mtu aliyeumwa muda mrefu anaogopa kujongea. Woga huo wenyewe unamkaza zaidi kuliko kidonda.

Mijongeo yenyewe wala si migeni kwa macho yetu. Unapiga magoti na kuweka viganja chini, unaubonyeza mgongo ushuke kama wa ng'ombe aliyeshiba, kisha unaunyanyua kama paka aliyekutana na mbwa, na kila mmoja unakwenda na pumzi yake. Unalala kifudifudi, viwiko chini, unainua kifua taratibu: huyo ni swila, na kwetu ambako chama cha Bayeye kimecheza na nyoka tangu enzi za mababu hakuna haja ya kumweleza mtu swila anavyoinuka. Kwa mchumaji wa pamba, aliyepinda kwenda mbele siku nzima, huyu swila mdogo ndiye anayeurudisha mgongo upande wa pili. Bibi asiyeweza kushuka chini anafanya yote akiwa kwenye kiti. Mwishoni watu wanalala chali dakika kumi bila kufanya kitu. Nimeona akina mama wakishindwa hapo kuliko kwingine kote. Kulala mchana bila ugonjwa ni jambo ambalo hawajawahi kuruhusiwa.

Msomaji mwenye haki ya kuuliza atauliza: inaponya kweli, au ni maneno? Nitasema kilichopimwa, bila kukiongezea chumvi. Mwaka 2017, huko Boston, Marekani, watafiti waliwachukua watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga iliyoandaliwa kwa ajili ya mgongo walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliohudumiwa na wataalamu wa mazoezi tiba. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kwanza kwa maumivu sugu ya mgongo, kabla ya vidonge. Mapitio mapana ya tafiti yanasema nafuu hiyo ni ndogo hadi ya wastani. Mimi hiyo naipokea kwa mikono miwili. Kwa mama aliyekuwa halali, nafuu ya namna hiyo ni kuamka saa kumi na moja kwa adhana au kengele badala ya kuamka saa nane kwa maumivu.

Upande wa majeraha ya moyo, utafiti ninaourudia mara nyingi ni wa mwaka 2014, wa daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake. Walikuwa wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu, ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki, wiki 10. Kundi la pili lilipewa mafunzo ya afya ya wanawake. Mwisho wa wiki hizo, waliofanya yoga asilimia 52 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe, na kwa kundi la pili ni asilimia 21. Hakuna aliyelazimishwa kusimulia yaliyompata. Hilo linanigusa, kwa sababu kwetu wako wengi ambao hawawezi kusimulia.

Niseme waziwazi ninaowafikiria. Usukumani tumewaua bibi zetu. Tuliwaita wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia miaka hamsini kwa kukosa kuni. Tumewawinda ndugu zetu wenye ualbino. Waliofanya hayo baadhi walifikishwa mahakamani, na sheria ikasema neno lake. Lakini watoto waliojificha chini ya uvungu usiku ule sasa ni watu wazima. Wanalima jirani na sisi. Wanashtuka mbwa akibweka. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma na ya Bugando iko Mwanza, na mtu wa Lagangabilili mwenye nauli ya kwenda huko kwa ajili ya kushtuka tu ni nadra, na hiyo "tu" imerudi tena.

Wenzetu waliopita penye giza kuliko hapa walijaribu njia hii. Kigali, Rwanda, shirika la Project Air lilifundisha yoga kwa wanawake waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 na kuachiwa virusi vya UKIMWI. Fikiria ujasiri huo: mtu ambaye mwili wake uligeuzwa uwanja wa vita, anafumba macho mbele ya watu na kuusikiliza mwili huohuo. Nairobi nako, Africa Yoga Project iliyoanzishwa mwaka 2007 imefundisha mamia ya vijana kutoka mitaa ya kawaida kuwa walimu, nao wakaipeleka mashuleni, magerezani na kwenye madarasa ya jamii yasiyo na kiingilio. Kijana wa Kibera anamfundisha jirani yake wa Kibera. Hicho ndicho ninachokitamani hapa, mwalimu anayeamkia "mwangaluka" na kuitikiwa, anayejua palizi ni nini, ambaye mgongo wake mwenyewe ushawahi kuinama kwenye pamba.

Na kwa nini tusiweze? Hakuna Watanzania wanaojua kuliko sisi Wasukuma kwamba mwili ukijongea pamoja na wengine, kwa pumzi moja, kazi inakuwa nyepesi na roho inatulia. Bugobogobo ilizaliwa na jembe. Watu walilima kwa mstari, ngoma ikiwapa mwendo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Na wazee wanaotusimulia asili ya Wagika na Wagalu wanawataja Ngika na Gumha, waganga wawili walioshindana. Tafakari hilo. Vyama vyetu vikubwa vya ngoma, vinavyojaza viwanja baada ya mavuno, vinatajwa kuwa vilianzishwa na watu wa tiba. Nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa uzione ngoma hizo zilivyotunzwa. Yoga ilitoka India, tuiheshimu kwa asili yake. Lakini wazo kwamba uponyaji unapitia viungo, pumzi na umoja, hilo lilikuwa nyumbani kabla yoga haijafika.

Linalowazuia wengi ni imani, na sitaki kulipita juujuu, kwa sababu wanaoniuliza ni watu ninaowaheshimu: mzee wa kanisa, ustadhi wa madrasa, mama mchungaji. Ni kweli yoga ilikua ndani ya mapokeo ya dini za India, na wako wanaoifanya kama ibada. Yoga tiba ya hospitalini haina nyimbo za ibada wala sanamu, na mwalimu mwema hawezi kukutamkisha usichokiamini. Mwezi wa Novemba 2017 Saudi Arabia, nchi ya Makka na Madina, iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Na upande wa Wakristo upo utafiti mzuri uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2001. Luciano Bernardi na wenzake waliwapima watu 23 wakisali Rozari kwa Kilatini, na wakitamka maneno ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na moyo na shinikizo la damu vikaenda kwa mpangilio uleule. Bibi yangu aliyekuwa akisali Rozari jioni mlangoni alikuwa anapumua hivyo maisha yake yote. Sisemi sala ni mazoezi, hasha. Nasema Mungu aliyetuumba alituumba na pumzi inayotuliza, na kuitumia hakumwondoi mtu kwenye dini yake. Kama jina linakukwaza, tuiite mazoezi ya viungo na pumzi. Sitagombea jina.

Kuna tahadhari, na hapa nitakuwa mkali kama dada mkubwa. Maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku pamoja na homa na kukonda, nenda hospitali, usije kwenye mkeka: kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Miguu ikilegea au kufa ganzi, haja ndogo ikikutoka au ikigoma, nenda siku hiyohiyo. Mjamzito, mwenye presha, mwenye presha ya jicho, mwenye sikoseli, ambayo Kanda yetu ya Ziwa inaijua sana, azungumze na daktari kwanza na mwalimu aambiwe. Anayemeza dawa za akili au za kufubaza virusi, asiache hata kidonge kimoja kwa sababu anajisikia mwepesi. Na mwenye sonona inayomwambia ajidhuru, huyo asiachwe peke yake, apelekwe kwa mhudumu wa afya leo. Mjongeo wowote unaoleta maumivu makali unaachwa. Asitokee mtu wa kumkandamiza mwenzake mgongoni ili "alegee". Hayo si matibabu.

Sasa ninachowaomba.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati ule Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Siku tunayo, basi. Vijana wa jogging wanaitumia, nawasikia alfajiri wakiimba wakipita mtaani kwetu, na moyo wangu unafurahi. Lakini tazama ni nani anayebaki nyumbani. Ni yule hasa anayeuhitaji uwanja: mama wa mgongo tu, mzee wa magoti, mjane ambaye hajatoka tangu arobaini, kijana wa bodaboda anayeona aibu kusema halali usiku. Mbio hazikuwawekea nafasi. Naomba Jumamosi ya pili tuwape hao saa moja, na kona moja ya uwanja.

Wauguzi na matabibu wangu, wa Somanda, wa hospitali ya mkoa, wa zahanati zote za vijijini: kila asubuhi mnatoa elimu ya afya kwa watu waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri. Ongezeni dakika tano za pumzi. Hazihitaji chumba wala bajeti. Mama aliyetembea na mtoto mwenye homa tangu alfajiri, akishusha pumzi mara kumi kabla hajaingia kwa daktari, ataeleza vizuri zaidi na atasikia vizuri zaidi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024, ninyi ndio mnaoingia hadi jikoni. Mkimkuta mtu anasema "tu", mkalieni chini, mmuulize mara ya pili.

Wenyeviti wa AMCOS, nina la kwenu kubwa. Babu zetu mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, shirikisho lao la Victoria likasimama. Walianza na jambo dogo mno, kuhakikisha uzito wa mkulima unahesabiwa. Migongo ya wanachama wenu nayo ina uzito ambao haujahesabiwa. Siku ya kupima pamba watu wamekaa kwenye foleni tangu asubuhi. Mpeni mwalimu dakika ishirini pale ghalani, awaonyeshe wanachama namna ya kubeba furushi kwa miguu badala ya kiuno, na namna ya kuunyoosha mgongo kila mstari unapoisha.

Vikundi vya VIKOBA, mnakutana kila wiki na tayari mnaaminiana, hiyo ni nusu ya tiba. Kabla sanduku halijafunguliwa, kaeni kimya, mpumue pamoja. Walimu wa michezo, wengi wenu ni vijana na miili yenu bado inasikia, jifunzeni mapema. Manju wa ngoma, Wagika kwa Wagalu, wacheza wenu wanaumia viungo na hakuna anayewauguza, njooni mjifunze, kisha mtufundishe sisi mwendo wa pamoja. Wachungaji, mapadre na mashehe, sisubiri mnipigie debe. Nawaomba mje mketi mara moja mwone kwa macho yenu, kisha mkiona neno lisilofaa mniambie.

Na jambo la walimu lisiachwe kwa simu na video. Tunahitaji vijana wawili au watatu, mmoja wao angalau mwanamke, waliokwisha kusomea uuguzi au mazoezi tiba, wapelekwe wakajifunze kwa watu wanaojua. Nairobi si mbali. Dar es Salaam kipo kituo cha utamaduni cha India chenye jina la Swami Vivekananda, ambacho hufundisha yoga. Wafanyabiashara wa Bariadi, wenye viwanda vya kuchambulia pamba, nauli na posho ya kijana mmoja mnaiweza. Ninyi mnajua pamba inatoka mgongoni mwa nani. Vijana hao wakirudi, uwanja wa Nyakabindi upo, uliobeba Nanenane ya kitaifa mwaka 2018 hadi 2020, na una nafasi ya mikeka elfu. Lakini tusisubiri elfu.

Mimi naanza na ninachoweza. Jumamosi ya pili ijayo nitakuwa nyumbani kwetu chini ya mwembe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Dada wa mazoezi tiba aliyenifundisha ameahidi kuja kutoka Mwanza mara hii ya kwanza. Mama yangu amekubali, baada ya kuuliza mara tatu kama atalazimika kuvaa suruali. Hapana, mayu, gauni na khanga yako vinatosha. Majirani wanne wamesema watakuja, na mmoja wao ni mzee wa bodaboda anayetaka kukaa nyuma asionekane. Nyuma tutamwekea nafasi.

Njoo hujala, au umekunywa uji mwepesi tu. Njoo na mkeka, na kama huna, kitenge cha zamani juu ya turubai la kuanikia kinafaa. Bibi aje na kigoda chake. Mwenye mtoto mchanga aje naye, akilia atanyonyeshwa. Hutaulizwa nini kilikupata. Utaulizwa kama mgongo umegusa chini vizuri, kisha tutahesabu nne kuvuta, sita kutoa.